Vijiji Viwili Katika Nchi ya Mkunjo

Raya binti Mbwana alikuwa fundi viatu, na fundi viatu humsoma mtu kuanzia chini. Ndiyo maana alipofika nchi ya Mkunjo, kitu cha kwanza alichokiona kwa ofisa wa mpakani hakikuwa uso wala kofia, bali ndala. Alikuwa amevaa moja tu. Mguu wa pili ulikuwa peku, umekanyaga vumbi kwa heshima zote, kana kwamba ndivyo miguu ilivyoumbwa.

"Nyingine imekatika?" Raya aliuliza, mkono tayari umo ndani ya mkoba wa vifaa.

"Hakuna nyingine," ofisa alijibu. "Zilikuwa bapa, hazina kulia wala kushoto. Zikapimwa, zikaonekana hazitofautiani, zikakunjwa. Ninayo ndala moja. Zamani nilikuwa nikiivaa mara mbili."

Kisha akaomba kukagua mkoba. Alizitoa nyundo mbili za Raya, akazipima uzito, akazigonga juu ya jiwe huku ametega sikio, akauliza kama kuna kazi ambayo moja huiweza na nyingine haiiwezi. Raya akasema hakuna. Moja ni ya akiba tu, endapo ya kwanza itapotea.

"Ikipotea itakuwa imepotea," alisema ofisa, akaitupa moja kwenye rundo lililokuwa nyuma yake. "Una nyundo moja, mama, ila ulikuwa ukiibeba mara mbili. Karibu Mkunjo. Utajihisi mwepesi."

Na kweli, Raya alijihisi mwepesi. Mji mkuu ulikuwa na kila kitu, kimoja kimoja. Palikuwa na mwembamba mmoja na mnene mmoja wa kila kazi. Palikuwa na wimbo mmoja wa harusi, maana nyingine zote zilikutwa zikisema maneno yale yale. Mapacha ambao kwingine wangeitwa Kulwa na Doto, hapa wote waliitwa Kulwa, na walikuwa na kura moja, ambayo waliipiga kwa kuishika kalamu pamoja.

Siku nazo zilikunjwa. Mtu akiamka, akalima, akala, akalala, na kesho yake akafanya hayo hayo, siku zile mbili ziliandikwa moja. Raya alimkuta babu mwenye mvi tupu aliyekuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Kwa hiyo kila mwenye akili alihakikisha siku yake ina kioja chake. Jumanne mwalimu alifundisha amejitwika mtungi, Jumatano aliingia darasani kinyumenyume, na Alhamisi aliwaomba wanafunzi msamaha bila kosa lolote. Raya alikuwa amepita nchi nyingi, lakini hajapata kuona watu wachangamfu kama hawa.

Kazi hakukosa. Watu wote walimletea viatu awatofautishie kulia na kushoto: huku ashone uzi mwekundu, kule atoboe tundu, ili mradi mkaguzi akija asiwaache na kimoja. Sifa zake zikamfikia Bwana Sudi, Mkunjaji Mkuu, ambaye alikuja mwenyewe na jozi yake kwapani. Alikuwa mtu mpole, sauti ya chini, anayefuta miguu kabla ya kuingia hata mahali pasipo na mkeka.

"Bwana Sudi," Raya alimwambia akiwa ametia uzi kwenye sindano, "naomba nisikukosee. Vitu viwili vikifanana, si bado ni viwili?"

"Nitajie swali ambalo kimoja kitalijibu hivi na kingine vile, nitakubali ni viwili. Ukiwa huna swali, huna tofauti, una mzigo tu." Akatabasamu. "Usituone wajinga. Wakati wa babu zetu nchi hii ilizama katika marudio. Makarani saba walikuwa na barua ile ile, kila mmoja akiingoja kutoka kwa mwenzake. Mtu alikuwa akienda kwa shauri moja anazungushwa milango tisa, na nyuma ya kila mlango anakuta chumba kile kile. Tukaapa kwamba chochote kisichoongeza neno kitakunjwa ndani ya mwenzake, na nchi ikapumua."

Raya alikuwa amewahi kuzungushwa milango ya namna hiyo huko kwao.

"Sasa nakuhitaji," Bwana Sudi akaendelea. "Kuna vijiji viwili, Masindo na Utulio. Karani wangu amevipima mwaka mzima hajaona vinapoachana. Lakini sheria inataka kabla ya kukunja kijiji uchezwe mchezo wa hatua, na mchezaji wa upande wa utofauti, yaani Mtenganishi, lazima awe mgeni. Mwenyeji hatufai. Kila mwenyeji anaamini kijiji chake hakina mfano."

Mchezo wenyewe haukuwa mgumu kueleweka. Mtenganishi anapiga hatua katika kijiji kimoja: anaonyesha kitu, au anauliza swali, au anatenda jambo. Mkunjaji naye anavuka kwenda kijiji cha pili, na huko aonyeshe kitu kama kile au apate jibu kama lile. Akishindwa hata mara moja, vijiji ni viwili. Akiweza hatua zote saba, kijiji ni kimoja. Jambo jingine ni kwamba kila hatua na kila jibu hutangazwa na mpiga mbiu mbele ya wote, kwa sababu katika nchi ya Mkunjo neno lisilotangazwa halihesabiwi kuwa limesemwa.

"Na kijiji kikikunjwa?" Raya aliuliza.

"Chenye jina fupi huingia katika chenye jina refu. Utulio wataezua mapaa yao, watahamia Masindo. Mhunzi wa huku atakuwa mhunzi wa kule: jina moja, kitanda kimoja, neno moja barazani."

"Na makaburi yao?"

Bwana Sudi alikitazama kiatu chake. "Makaburi hayaulizwi maswali," alisema.

Raya alipewa siku tano za kuishi vijijini kabla ya mchezo.

Vijiji vilikuwa kwenye vilima viwili vinavyotazamana, kwa umbali wa mtu kumaliza kutafuna pingili moja ya muwa. Alianzia Masindo, na siku ya kwanza tu akajua habari yao kubwa, kwa sababu walikuwa wakiipigia kelele. Jumbe wao, Shomvi, alikuwa kipofu. Macho yalimfifia miaka mitatu nyuma, na siku yalipozima kabisa aliitisha mkutano, akasema, "Jamani, mimi taa imezimika, pangeni zamu." Wakapanga. Kila siku mtu mmoja alikuwa macho ya Jumbe, na wengine waliendelea na shughuli zao. Siku aliyofika Raya zamu ilikuwa ya Kitwana, mfinyanzi, ambaye alimwongoza Jumbe kwa maneno huku mikono yake imejaa udongo.

"Jumbe, mbuzi mbele yako."

"Mbuzi wa nani?"

"Wako."

"Basi yeye ndiye apishe," alisema Jumbe Shomvi, na baraza zima likacheka.

Siku ya pili Raya alivuka bonde kwenda Utulio. Alipokelewa na Bi Mwanamkuu, mjane mwenye nyumba ya ua mpana, ambaye alimpa kivuli cha kufanyia kazi na uji wa mtama. Jumbe wa huko aliitwa Mwinyikai. Alipita uani asubuhi ile, mrefu, shingo imenyooka, akitembea katikati ya njia bila kutazama chini hata mara moja. Watu walimwambia Raya kwamba ujanani mwake alikuwa mlenga mishale, kwamba aliweza kuhesabu ndege juu ya mti wa kilima cha pili.

"Shikamoo Jumbe," Raya alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Naona umekuja na kazi yako." Na akanyoosha kidole, kikaelekea kwenye chungu cha uji.

Raya akayatazama makubadhi yake. Nyayo zilikuwa zimelika mbele, penye vidole, kama za mtu anayepapasa kabla ya kukanyaga. Akarudisha macho kwenye sindano yake. Lakini Bi Mwanamkuu alikuwa amemwona akitazama, na Jumbe alipokwenda zake alisogeza kigoda karibu, akashusha sauti.

"Mwanangu, wewe ni mgeni, utaondoka nayo. Jumbe haoni. Hajamwambia mtu, na hakuna anayejua ila mimi. Kila alfajiri naondoa mawe njiani mwake kabla watu hawajaamka. Akijua kwamba najua, yule atakufa kwa aibu. Na watu wakijua, nani atamheshimu? Niapie."

Raya akaapa.

Mchana alikuja mhunzi na kiatu kilichopasuka. Wakati Raya anashona, mhunzi alitazama kulia na kushoto. "Fundi, nina jambo limenikaa kooni miaka mitatu. Jumbe wetu haoni. Kijiji kizima najua mimi peke yangu. Ndiyo maana mimi ndiye nimsomeaye barua, nasingizia napenda kujifunza kusoma. Niapie."

Raya akaapa tena. Akamwapia mke wa mhunzi, ambaye hakuwa amemwambia hata mumewe. Akamwapia mchunga mbuzi, aliyemfunga kengele kila mnyama ili Jumbe asikie. Akamwapia mtu aliyekuwa akimpita Jumbe na kusema kwa sauti, kama anayejisemea, "Lo, dimbwi hili hapa kushoto limejaa!" Kufikia siku ya tano alikuwa amekula viapo thelathini na nane, na Utulio ilikuwa na watu wazima arobaini ukimtoa Jumbe. Wawili waliobaki hawakuwa na viatu vya kushona.

Jioni ile alikaa kizingitini akapima mambo. Masindo, Jumbe haoni. Utulio, Jumbe haoni. Masindo, kila mtu anajua. Utulio, kila mtu anajua. Karani wa Bwana Sudi angepima mpaka mwisho wa dunia asipate tofauti, maana kipimo chake kilikuwa kinaishia hapo. Lakini Masindo kila mtu anajua kwamba na mwenzake anajua, ndiyo maana wanacheka na kupeana zamu. Utulio kila mtu amebeba siri ya wote akidhani ni yake peke yake. Hivi vilikuwa vijiji viwili, tena vimeachana kama mchana na usiku.

Na hakuweza kusema. Angesema, mpiga mbiu angetangaza, na Jumbe Mwinyikai angesikia aibu yake ikianikwa barazani. Asiposema, Utulio ingeezuliwa mapaa.

Asubuhi ya mchezo watu wa Masindo walikusanyika juu ya kilima chao na watu wa Utulio juu ya chao. Bwana Sudi alikuja na karani, kijana mkavu aliyechonga kalamu tatu na kukunja mbili, na mpiga mbiu mwenye kifua kama pipa.

Raya alijaribu kushinda bila kuigusa siri. Alionyesha kisima cha Utulio chenye maji ya chumvichumvi. Bwana Sudi akaonyesha cha Masindo, nacho hivyo hivyo. Alionyesha ngoma iliyopasuka. Na kule ilikuwapo iliyopasuka. Aliuliza Utulio ni nani mvivu kuliko wote, wakajibu kwa pamoja kwamba ni mume wa Bi Fulani. Masindo wakajibu kwa pamoja hivyo hivyo, na mume mwenyewe akainua mkono. Alicheza na mbuzi, akacheza na methali, akacheza na jinsi ya kupika kisamvu. Kila mara mpiga mbiu alitangaza, "Imelingana!" na karani akachora mstari. Hatua sita zikaisha. Jua lilikuwa limeanza kuinama.

"Imebaki moja, fundi," alisema Bwana Sudi. Hakuisema kwa furaha.

Raya alimtazama Bi Mwanamkuu. Mama yule alikuwa ameshika kanga mdomoni, na macho yake yalikuwa yanasema mambo mawili kwa wakati mmoja: tuokoe, na usiseme. Raya akageuka, akawaona wengine thelathini na tisa wakimtazama vile vile, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake anayemtazama kwa jambo hilo. Akayaangalia miguuni mwa Jumbe yale makubadhi yaliyolika penye vidole, na wazo likamjia kutoka huko chini, alikozoea kutafutia mawazo.

"Hatua yangu ya saba haina neno," alisema. "Nitachukua kigoda nikiweke katikati ya njia, kisha Jumbe apite kwenda kuketi barazani kwake. Basi. Naanza na Masindo."

"Kigoda kinawekwa njianiii!" mpiga mbiu alitangaza. Karani alimtazama Bwana Sudi kama kuuliza kama mgeni ameshikwa na jua.

Walivuka hadi Masindo. Raya akaweka kigoda. Jumbe Shomvi akaja.

"Kigoda mbele, Jumbe, pinda kulia," alisema mwenye zamu, bila kuacha kusuka ukili.

"Mwehu gani kaweka kigoda njiani?"

"Serikali."

"Nilijua," alisema Jumbe, akapinda, watu wakacheka. Karani akaandika: *mmoja kasema, hakuna aliyeinuka.*

Wakavuka tena bonde. Huko Utulio Raya alikiweka kigoda kile kile, palepale katikati, akarudi nyuma. Jumbe Mwinyikai alitokea mlangoni kwake, shingo imenyooka, akaanza kuja katikati ya njia kwa hatua za mtu ambaye mbele yake hapajawahi kuwa na kitu.

Zikabaki hatua kumi. Zikabaki nane.

Ndipo Utulio nzima ikaondoka mahali pake. Mhunzi aliruka akisema, "Kigoda changu hicho, nilikisahau!" Mkewe alitoka upande wa pili akipiga kelele kwamba ameona tandu. Mchunga mbuzi alijitupa kana kwamba ameteleza. Bi Mwanamkuu, ambaye hakuwa amekimbia tangu aolewe, alikusanya kanga zake akakimbia. Watu arobaini, sababu arobaini, na kigoda kimoja. Wakagongana vichwa, wakapandana, wakaanguka rundo moja katikati ya njia, na mguu wa kigoda ukachomoza juu kabisa, umeshikwa na mikono kumi na mitano.

Bi Mwanamkuu, aliyekuwa chini ya mhunzi, aligeuza shingo.

"Kumbe na wewe?"

"Kumbe hata wewe, Bi Mwanamkuu?" alisema mhunzi. Kisha akamwona mkewe. "Kumbe mke wangu!"

"Kumbe!" alisema mkewe. Na neno likaenea katika lile rundo kama moto wa makumbi ya nazi: kumbe, kumbe, kumbe wewe, kumbe nyinyi nyote. Wengine walianza kucheka, kisha wakakumbuka na kuziba midomo. Maana Jumbe alikuwa amesimama.

Hakuona rundo, lakini alikuwa amesikia kumbe arobaini, na hakuwa mjinga. Alisimama na fimbo yake, taya likimchezacheza. Mpiga mbiu alijaza kifua kama sheria inavyotaka, atangaze alichokiona. Raya alifumba macho. Alipofumbua, Bwana Sudi alikuwa ameweka kiganja juu ya mdomo wa mpiga mbiu.

"Bwana, sheria..." alinong'ona karani.

"Nimeisahau kidogo," alisema Bwana Sudi.

Jumbe Mwinyikai alikohoa. "Mlikuwa mnakimbilia nini, watu wangu?"

Mikono iliyoshika kigoda ikakiachia, kikaanguka chini.

"Hicho kilichokuwa mbele yangu ni kigoda?"

"Ni kigoda, Jumbe," alisema Bi Mwanamkuu.

"Basi mbiu nitaipiga mwenyewe." Akajinyoosha, mrefu kuliko wote. "Sioni! Mwaka wa tatu huu sioni hata mkono wangu. Nilikuwa nawaficha, mkidhani bado nahesabu ndege. Na ajabu niliyokuwa naistaajabia kila siku ni kwamba tangu nipofuke sijajikwaa hata mara moja. Nikasema, kumbe mawe yameisha katika nchi! Nikawapelekea wakubwa mjini habari kwamba barabara za Utulio zimenyooka katika utawala wangu."

Alikuwa wa kwanza kucheka. Kicheko chake kilitoka kizito, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi, na nyuma yake lile rundo lote likalipuka. Bi Mwanamkuu alicheka huku analia, akijipangusa kwa kanga ya mke wa mhunzi.

"Haikulingana!" mpiga mbiu alitangaza, maana mdomo wake ulikuwa umeachiwa. "Masindo kasema mmoja! Utulio wameinuka wote! Ni viwiliii!"

Watu wa Utulio walipiga vigelegele. Raya akakaa chini palepale kwenye vumbi.

Lakini karani alikuwa bado anaandika. Alikuwa kijana makini, na hakuwa na nia mbaya. Ndiyo ubaya wa watu wa namna ile. Akainua kalamu.

"Bwana Mkunjaji Mkuu, naomba kusema. Vilikuwa viwili. Wakati hatua inapigwa, huku kila mtu alidhani anajua peke yake. Sasa Jumbe ametangaza. Huku wanajua, na wanajua kwamba wote wanajua, na Jumbe anajua. Ndivyo Masindo walivyo. Tofauti imeonekana, na kwa kuonekana imekwisha." Akamgeukia Raya kwa heshima kabisa. "Fundi ameshinda mchezo, na kwa ushindi huo huo vijiji vimekuwa kimoja."

Vigelegele vikafa. Raya aliyageuza maneno yale kama kiatu, akitafuta yalipopasuka. Kijana alikuwa na haki. Ukuta uliokuwa unavitenganisha vijiji ulikuwa ile siri, na yeye kwa kigoda chake ndiye aliyeubomoa.

Bwana Sudi alifungua kitabu cha sheria, akasoma polepole kama mtu anayetumaini ukurasa utabadilika. "Usawa mpya," alisema mwishowe, "huulizwa swali moja jipya. Moja tu. Fundi?"

"Sina," Raya alisema. Ilikuwa kweli. Alitazama mikono yake iliyojaa gundi, akaona aibu.

Wakati huo Jumbe Mwinyikai alikuwa haufuati mjadala. Alikuwa na shida ya mtu aliyekiri jambo na sasa lazima aishi nalo. Alinyoosha mkono hewani, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, akauliza kama mtu anayeomba maji:

"Sasa kesho nani atanishika mkono?"

"Mimi," walisema watu arobaini.

"Mimi!" alisema mhunzi. "Mimi ndiye niliyeanza."

"Ulianza lini? Mimi naondoa mawe tangu kabla ya masika ya mwaka juzi!" Bi Mwanamkuu alimsukuma.

"Kengele za mbuzi alizinunua nani?"

"Na dimbwi? Nani kasimama penye dimbwi kwenye mvua?"

Raya alisimama ghafla. "Bwana Sudi! Hilo ndilo swali langu. Hilo aliloliuliza Jumbe. Kavukeni mkaulize Masindo!"

Karani alikwenda mbio, mwenyewe, kanzu ameifunga kiunoni. Wakamwona kwenye kilima cha pili akiuliza, wakamwona anageuka. Alirudi anahema.

"Wamesema kesho ni Kitwana mfinyanzi," alisema. "Wamesema kwa sauti moja. Hata hawakufikiri."

"Na huku?" Bwana Sudi aliuliza.

Huku mke wa mhunzi alikuwa amemshika mumewe ukosi, na mchunga mbuzi alikuwa amepanda juu ya kigoda ili asikike. Jumbe mwenyewe alikuwa akiwaomba wapunguze sauti, na hakuna aliyemsikiliza.

"Huku majibu ni arobaini," karani alikiri.

"Andika basi. Hayakulingana."

"Lakini bwana, hawa watakubaliana. Watapanga zamu kama wenzao. Kesho, kesho kutwa..."

Bwana Sudi aliwatazama watu wa Utulio. Raya alimwona akitabasamu, akaona pia kwamba alijitahidi asionekane. "Siku watakayokubaliana," alisema, "waniletee barua. Tutavipima upya. Mpaka hapo ni vijiji viwili."

Barua hiyo haikuandikwa wiki ile. Raya alikaa kwa Bi Mwanamkuu siku tatu zaidi, na kila siku palikuwa na kikao cha kupanga zamu, na kila kikao kilivunjika kwa heshima kabla ya kufika kwenye jina la kwanza. Mhunzi alipendekeza ianzie kwa waliomwapisha Raya mapema. Wakamgeukia Raya awe shahidi wa nani aliapisha lini, naye akasema kumbukumbu yake imekunjwa mpakani.

Asubuhi ya nne alifunga mkoba akaaga. Alipofika mwisho wa kijiji alisikia zogo nyuma yake, akageuka. Jumbe Mwinyikai alikuwa akishuka kisimani, shingo imenyooka kama zamani. Watu watatu walikuwa wamemshika mkono wa kulia, watu wanne wa kushoto, mmoja alitangulia akifagia, na wengine walifuata nyuma wamekamata pindo la kanzu kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kushika.

"Jamani," Jumbe alikuwa akisema, "kanzu itachanika!"

"Itashonwa, Jumbe," walimjibu wote pamoja, na hakuna aliyeachia.